Neno "mashua" na mtihani wa SAT: kwa nini unakariri leo na kesho huna kitu

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti ambao sisi wenye Kiswahili chetu tukiusoma lazima tutabasamu. Wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani walikalishwa chini wakajifunza maneno 40 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza. Mashua ni "boat", na mengine 39 ya namna hiyo. Si kwamba walikuwa wanajiandaa kuja Zanzibar. Watafiti walihitaji tu maneno ambayo wanafunzi hao hawayajui, ila yanaandikwa kwa herufi walizozizoea na yanatamkika bila shida. Kiswahili kinafaa sana kwa kazi hiyo. Tangu mwaka 1994 wanasaikolojia wana hata orodha yao ya maneno 100 ya Kiswahili, iliyotayarishwa na Thomas Nelson na John Dunlosky kwa ajili ya majaribio ya kumbukumbu.

Sasa geuza picha. Wewe uko Morogoro, Kisumu au Bujumbura, unataka kusoma digrii Marekani, umejisajili kufanya SAT na ada umeshalipa kwa dola. Kwenye simu una faili la "maneno 1,000 ya lazima". Umelipitia mara tatu. Ukiliangalia unaona kabisa unayajua. Unafungua swali la mazoezi, neno lilelile linakutazama, na maana haiji. Shida yako ni ileile waliyokuwa nayo wale Wamarekani mbele ya "mashua", na majibu yaliyopatikana kwa kutumia lugha yetu yanakuhusu moja kwa moja.

Jibu kwa kifupi ni hili: neno haliingii kichwani kwa kulisoma mara nyingi, linaingia kwa kulitafuta kichwani mara nyingi. Tuone ushahidi, halafu tuone unafanyaje.

Maneno 40, makundi manne

Utafiti ule ulifanywa na Jeffrey Karpicke na Henry Roediger. Wanafunzi wote walisoma maneno 40, wakapimwa, wakasoma tena, wakapimwa tena, jumla mizunguko minne. Tofauti ilikuwa kwenye jambo moja tu: neno likishapatikana kwa usahihi mara moja, lifanyweje?

Kundi la kwanza liliendelea kusoma maneno yote na kupimwa yote. Kundi la pili, neno likishapatikana halikusomwa tena, lakini liliendelea kuulizwa. Kundi la tatu lilifanya kinyume: neno likishapatikana halikuulizwa tena, lakini liliendelea kusomwa. Kundi la nne, neno likishapatikana liliachwa kabisa, halikusomwa wala kuulizwa.

Siku hiyo hakuna aliyemshinda mwenzake. Makundi yote yalijifunza kwa kasi moja. Wanafunzi walipoulizwa watakumbuka mangapi baada ya wiki, makundi yote yalikadiria karibu nusu, yaani maneno 20 hivi.

Wiki ikapita, wakarudi. Makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka kama asilimia 80, yaani maneno 32 kati ya 40. Makundi mawili yaliyoacha kuulizwa yalikumbuka asilimia 36 na 33, yaani maneno 13 au 14.

Linganisha kundi la pili na la tatu. Lile lililoacha kusoma likaendelea kujipima halikupoteza kitu. Lile lililoendelea kusoma bila kujipima lilipoteza zaidi ya nusu. Kumbe kule kusoma tena neno ambalo tayari ulishalipata hakukuongeza karibu chochote.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndo la kutisha zaidi. Wanafunzi wenyewe hawakuhisi tofauti. Aliyekuwa anaelekea asilimia 80 na aliyekuwa anaelekea 33 walikuwa na imani ileile. Kwa hiyo ukiniambia "mimi najijua, nikisoma mara tano inakaa", nakuamini kwamba ndivyo unavyohisi. Ila hisia hiyo si kipimo.

Kwa nini kusoma tena kunadanganya

Kuna mtu unapanda naye daladala kila asubuhi. Sura yake unaijua, ukimwona sokoni utasema huyu namfahamu. Jina lake je? Huna. Kutambua ni kitu kimoja, kukumbuka ni kingine. Ukiwa na orodha mbele yako, neno upande wa kushoto na maana upande wa kulia, ubongo unafanya kazi ya kutambua tu. Kila mzunguko macho yanateleza kwa urahisi zaidi, na ule urahisi unautafsiri kuwa ni ujuzi. Ndio maana kupiga msuli na desa la maneno usiku kucha kunakupa raha ya kujua, halafu pepa linakunyang'anya.

Kujipima kunafanya kazi tofauti. Ukifunika maana na kujilazimisha kuitafuta, unapita kwenye njia ileile utakayoipita siku ya mtihani. Ni kama kijia cha kwenda kisimani: hakifunguki kwa kukiangalia kwa mbali, kinafunguka kwa kupitwa. Hata ukikosa haujapoteza muda, mradi uangalie jibu mara moja baada ya kukosa.

Kusahau kuna mwendo wake

Jambo la pili unalohitaji kulijua lilipimwa muda mrefu kabla ya SAT kuwepo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri mifuatano ya silabi zisizo na maana yoyote, akasubiri, kisha akajifunza upya na kupima ni kiasi gani cha kazi kimeokolewa na kumbukumbu ya mwanzo. Baada ya saa moja, alichookoa kilikuwa asilimia 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 6, 25. Baada ya siku 31, 21.

Angalia mwendo wa namba hizo. Katika saa moja ya kwanza zaidi ya nusu imeondoka, lakini kati ya siku ya 6 na ya 31 zimeondoka asilimia 4 tu. Kusahau kunakimbia mwanzoni, halafu kunatembea. Mwaka 2015 Jaap Murre na Joeri Dros wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walirudia jaribio hilo na kupata mwendo unaofanana. Maneno yenye maana hayapotei kwa kasi kama silabi tupu, lakini mwendo ni uleule.

Maana yake kwako: marudio ya kwanza yawe karibu, yanayofuata yaachane. Mwaka 2008 Nicholas Cepeda na wenzake walipima watu zaidi ya 1,350 wakitumia nafasi tofauti kati ya kujifunza na kurudia, na muda tofauti hadi mtihani. Waligundua kwamba hakuna nafasi moja iliyo bora kwa wote. Inategemea mtihani uko mbali kiasi gani. Kwa mtihani ulio wiki chache mbele, nafasi nzuri ilikuwa kama asilimia 20 ya muda uliobaki. Kwa mtihani ulio mwaka mzima mbele, ilishuka hadi kama asilimia 5.

Familia moja ya watafiti ilikwenda mbali zaidi. Harry Bahrick, mkewe na mabinti zao wawili walijifunza maneno 300 ya lugha za kigeni na kujifuatilia kwa miaka. Walichapisha matokeo mwaka 1993: vipindi 13 vya kurudia vilivyoachana siku 56 vilileta kumbukumbu sawa na vipindi 26 vilivyoachana siku 14. Nusu ya kazi, matokeo yaleyale. Wewe huna miaka, lakini funzo linakufaa: ukiwa na saa kumi za kutumia, usizimalize Jumamosi moja. Zigawe.

Maneno yapi? Kwanza ujue mtihani umebadilika

Hapa watu wengi wanapoteza miezi. Orodha nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zilitungwa kwa ajili ya mtihani ambao haupo tena.

SAT ilianza mwaka 1926. Kwa miongo mingi ilipenda maneno adimu yaliyosimama peke yake. Maswali ya vinyume yaliondolewa mwaka 1994. Maswali ya kulinganisha jozi za maneno yaliondolewa mwaka 2005. Maswali ya zamani ya kujaza nafasi kwa maneno magumu yaliondolewa mwaka 2016. Halafu likaja toleo la kompyuta, mwaka 2023 kwa watahiniwa walio nje ya Marekani na mwaka 2024 kwa walio ndani.

Katika toleo hili, sehemu ya Kusoma na Kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yaani kama sekunde 71 kwa swali. Kila swali lina kifungu chake kifupi, cha maneno 25 hadi 150. Kujaza nafasi kumerudi, lakini safari hii kifungu chenyewe kinabeba dokezo. Mfano huu nimeutunga mwenyewe kwa mtindo huo:

"Although the first results were promising, the researchers remained ______, noting that only twelve patients had been treated."

Chaguo ni "ebullient", "circumspect", "negligent" na "unanimous".

Kwa Kiswahili: ingawa matokeo ya kwanza yalitia moyo, watafiti walibaki vipi, wakisema kwamba waliotibiwa ni wagonjwa kumi na wawili tu? Neno "although" limeshakuambia kuna mgeuko: matokeo mazuri, lakini hawashangilii. Na kisa kipo, wagonjwa ni wachache. Kabla hata ya kuangalia chaguo, weka neno lako mwenyewe kwenye nafasi, tuseme "waangalifu". Sasa tafuta neno la Kiingereza linalobeba hilo. Ni "circumspect". "Ebullient" ni mwenye furaha inayofurika, "negligent" ni mzembe, "unanimous" ni wenye kauli moja.

Umeona swali linataka vitu viwili: kusoma mantiki ya kifungu, na kujua neno kwa undani kidogo. Aliyekariri maneno bila kusoma vifungu atakwama, na aliyesoma vifungu bila maneno atakwama vilevile.

Basi anza na maneno ya kujenga hoja. Wengi wetu tumesoma sayansi kwa Kiingereza sekondari, kwa hiyo "photosynthesis" si tatizo. Tatizo ni maneno ambayo wanasayansi huyatumia kubishana: "undermine", kudhoofisha hoja kutoka chini, "bolster", kuipa hoja nguvu, "concede", kukubali kwamba mpinzani wako ana hoja hapo, "refute", kuonyesha kwamba dai si kweli, "corroborate", kuthibitisha kwa ushahidi mwingine. Haya yanarudi tena na tena, kwenye vifungu na kwenye chaguo za majibu.

Chanzo kizuri cha maneno ya aina hii ni orodha ya Averil Coxhead, aliyoichapisha mwaka 2000 akiwa New Zealand. Alichambua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno milioni 3.5 na kuchuja familia 570 za maneno, nje ya yale 2,000 ya kawaida kabisa. Familia hizo 570 zinabeba kama asilimia 10 ya maneno yote kwenye maandishi ya kitaaluma. Katika kila maneno kumi ya kitabu cha chuo, moja linatoka humo. Na hata ukipata alama zako na kuingia chuoni, orodha hiyo haitakuwa imekwisha kazi.

Usidharau pia maneno unayoyajua kwa maana moja tu. "Novel" si riwaya peke yake, ni pia kitu kipya ambacho hakijawahi kuonekana. "Champion" kama kitenzi ni kutetea jambo. "Qualify" inaweza kuwa kuwekea kauli mipaka. "Check" ni pia kuzuia. Maneno haya yanamnasa mtu kwa sababu hayaonekani magumu.

Kulijua neno lenyewe

Una orodha, una kanuni ya kujipima. Lakini neno jipya utaliingizaje mara ya kwanza? Kuna njia nne zinazosaidiana.

Ya kwanza ni mizizi, na hapa mwenye Kiswahili hana haja ya kufundishwa wazo lenyewe. Kwenye "tazama" unapata mtazamo, mtazamaji, matazamio, kutazamia, kutazamana. Hujawahi kuyakariri moja moja. Kiingereza kina mzizi wa Kilatini "spect", wenye maana hiyohiyo ya kutazama: "inspect", "spectator", "retrospect", "perspective". Na "circum" ni kuzunguka. Kwa hiyo "circumspect" ni yule anayetazama pande zote kabla ya kukanyaga. Vivyo hivyo "loqu", kusema, inakupa "eloquent", "loquacious" na "colloquial". "Bene", vizuri, inakupa "benefit", "benevolent" na "benefactor".

Tahadhari moja: mzizi unakukumbusha maana uliyojifunza, usiutumie kubahatisha maana usiyoijua. "Enervate" inafanana na "energy", lakini maana yake ni kumdhoofisha mtu. "Noisome" haina uhusiano na kelele, ni kitu chenye harufu mbaya.

Ya pili ni kiungo cha sauti. Mwaka 1975 Richard Atkinson na Michael Raugh waliwafundisha wanafunzi maneno 120 ya Kirusi. Kundi moja lilifundishwa kutafuta neno la Kiingereza linalofanana kwa sauti na lile la Kirusi, kisha kujenga picha inayounganisha sauti hiyo na maana. Walipopimwa, kundi hilo lilipata asilimia 72, na kundi lisilotumia mbinu hiyo 46.

Wewe tumia Kiswahili. "Futile", jitihada za bure: ona mtu amekaa ufukweni Bagamoyo anafuta maji ya bahari kwa kitambaa. "Mitigate", kupunguza makali ya jambo: ona miti imepandwa karibu na geti, upepo ukifika unapungua nguvu. "Candid", mkweli asiyeficha: ona kandili imewashwa chumbani, hakuna kona iliyofichika. Kwa hilo la mwisho bahati ipo upande wako, maana "candid" na kandili ni ndugu kweli. Kandili tumeipata kwa Waarabu, wao waliipata kutoka "candela" ya Kilatini, na hiyo inatokana na kitenzi cha kung'aa kilichozaa pia "candid". Picha ikiwa ya ajabu zaidi, afadhali. Hakuna atakayeiona.

Ya tatu ni alama ya hisia. "Frugal" na "stingy" wote hawapendi kutoa hela ovyo, lakini wa kwanza ni mwangalifu wa matumizi na wa pili ni bahili. Kwenye kadi yako weka alama ya jumlisha au ya kutoa. Mara nyingi kifungu kinaonyesha wazi kama mwandishi anasifu au anaponda, na alama hiyo peke yake inakuondolea chaguo mbili.

Ya nne ni sentensi. Tafsiri ya Kiswahili ni ngazi nzuri ya kupandia, usione aibu kuitumia, lakini usiishie hapo. Mwanafunzi akiandika "ambivalent" ni "asiyejali", atakosa. Asiyejali ni "indifferent". "Ambivalent" ni mtu anayejali sana, ila moyo wake umegawanyika, nusu unataka na nusu hautaki. Tofauti hiyo utaiona kwenye sentensi, si kwenye neno moja la tafsiri.

Na usijifunze maneno yanayofanana siku moja. Vitabu vingi hupanga visawe pamoja: "loquacious", "garrulous", "verbose", yote ya watu wa maneno mengi. Inaonekana ni mpangilio mzuri, lakini majaribio ya Thomas Tinkham ya mwaka 1993, na ya Rob Waring baada yake, yalionyesha kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana hukawia kushika kuliko maneno yasiyohusiana. Mfundishe mgeni juzi, jana, kesho, kesho kutwa na mtondo kwa saa moja, uone atakavyochanganya. Jifunze moja, likikaa ndipo ulete ndugu yake.

Wiki 12, dakika 30 kwa siku

Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner alieleza katika kitabu chake mfumo wa boksi la kadi. Unahitaji karatasi ngumu zilizokatwa na boksi la viatu lenye vyumba vitano. Neno jipya linaanza chumba cha 1. Ukilipata, linapanda chumba kinachofuata. Ukilikosa, hata kama lilikuwa chumba cha 4, linarudi cha 1. Chumba cha 1 unakipitia kila siku, cha 2 kila baada ya siku 3, cha 3 kila wiki, cha 4 kila wiki mbili, cha 5 mara moja kwa mwezi. Mwenye simu anaweza kutumia Anki, programu inayofanya kazi hiyo na kukupangia tarehe yenyewe.

Mbele ya kadi andika sentensi ya Kiingereza yenye nafasi wazi. Nyuma andika neno, maana kwa Kiswahili, alama ya hisia, na sentensi ya pili. Ukiangalia mbele, sema jibu kwa sauti au liandike kabla ya kugeuza. Ukigeuza kwanza halafu ukasema "aah, nilikuwa nalijua", hiyo ni sura ya daladala. Hesabu umekosa.

Sasa hesabu. Maneno mapya 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 10, ni maneno 500. Kila neno jipya linachukua kama dakika moja na nusu kutengenezewa kadi na picha, jumla dakika 15. Mambo yakishatulia, kila siku utakuwa na kadi kati ya 40 na 60 za kurudia, na kila moja kwa sekunde 10 hazizidi dakika 10 zote. Zinabaki dakika tano za vifungu viwili au vitatu vya mazoezi. Wiki mbili za mwisho usiongeze neno lolote. Rudia kadi na ufanye majaribio kamili kwenye programu ya Bluebook ya College Board, ambayo ndiyo utakayofanyia mtihani wenyewe.

Kama umebakiwa na wiki nne, usijaribu kubana maneno 500 humo. Chukua 150 ya kujenga hoja, yapitishe vizuri. Maneno 150 unayoweza kuyavuta yana faida kuliko 1,000 unayoyatambua kwa sura. Na usikeshe usiku wa mwisho. Tangu mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach walipowapima wanafunzi wawili huko Cornell, imeonekana kwamba mtu akijifunza kisha akalala anasahau kidogo kuliko akibaki macho muda uleule.

Tuanze sasa hivi. Bila kurudi juu, chukua karatasi uandike maana ya maneno haya manane: "circumspect", "concede", "mitigate", "enervate", "ambivalent", "candid", "corroborate", "futile". Ukimaliza ndipo upande kuangalia. Uliyoyakosa ndiyo kadi zako za kwanza, yaweke chumba cha 1. Uliyoyapata jiulize tena kesho asubuhi kabla ya kushika simu, kwa sababu kupata dakika chache baada ya kusoma hata wale wa asilimia 33 waliweza.